Msimu wa Mitihani katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi tangu 1956

Chuo Kikuu cha Lubumbashi kiliundwa na serikali ya kikoloni ya Ubelgiji nchini Kongo kwa amri ya Oktoba 1955, na mwaka uliofuata kikaanza kufundisha katika mji ulioitwa Élisabethville wakati huo, mji uliokuzwa na migodi ya shaba. Wanafunzi wake wa mwanzo walikuwa Wazungu kwa wingi, na utaratibu wa mitihani ulikuwa ule wa Ubelgiji: kikao cha kwanza mwishoni mwa mwaka wa masomo, kikao cha pili kwa walioshindwa, na baada ya kila kikao baraza la maprofesa lililokutana faraghani kupima alama za kila mwanafunzi kabla ya matokeo kutangazwa hadharani. Ngazi za ufaulu, zilizoanzia kiwango cha kuridhisha kwa asilimia 50 na kupanda hadi sifa kubwa kabisa kwa asilimia 90, zilidumu kuliko dola iliyozileta.

Mwaka 1971 utawala wa Rais Mobutu uliunganisha vyuo vikuu vya Kinshasa, Kisangani na Lubumbashi kuwa Chuo Kikuu cha Kitaifa cha Zaire, jina jipya la Kongo, na kitivo cha fasihi pamoja na kile cha sayansi za jamii vikakusanywa Lubumbashi, hivyo mabweni ya kampasi ya Kasapa yakapokea vijana kutoka pande zote za nchi. Serikali iliwapa posho, kitanda na chakula, kwa hiyo mwanafunzi aliyejiandaa kwa mtihani alikuwa na kazi moja tu, nayo ni kuumudu silabusi, yaani maandishi ya somo zima yaliyotayarishwa na profesa. Kikao cha kwanza kwa kawaida kiliangukia kiangazi, ambapo usiku wa Lubumbashi, mji ulio kwenye uwanda wa juu wa takriban mita 1,200, huwa wa baridi kali. Wasomaji walijifunika mablanketi, wakaulizana maswali kwa Kiswahili au Kilingala, kisha wakayakariri majibu kwa Kifaransa, lugha ambayo mtihani wenyewe ulidai.

Chuo kilirudishiwa uhuru wake mwaka 1981, lakini misingi ya maisha hayo ilikuwa imeanza kulegea. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Mei 1990 wanafunzi walishambuliwa ndani ya mabweni yao, na idadi ya waliouawa inabishaniwa hadi leo. Ubelgiji ilipodai uchunguzi wa kimataifa na Mobutu akakataa, ushirikiano wa nchi hizo mbili ulivunjika. Katika miaka hiyohiyo uzalishaji wa Gécamines, kampuni ya serikali iliyorithi migodi ya Union Minière na kulisha familia nyingi za mji, uliporomoka. Posho zilitoweka, na mzigo wa mtihani ukahamia kwa wazazi: minervali, yaani ada ya masomo, silabusi, na nauli ya kutoka mitaa ya mji kama Katuba, Kenya au Ruashi hadi Kasapa. Umeme ulipokatika, mishumaa ikawa sehemu ya gharama za masomo, na aliyekosa nafasi bwenini alilala kwa rafiki, wawili wakigawana kitanda kimoja hadi kikao kiishe.

Kuanzia mwaka wa masomo 2021–2022 nchi imeeneza mfumo wa ngazi tatu, yaani lisansi, uzamili na udaktari, ambao huhesabu masomo kwa krediti, vipimo vya kiasi cha kazi ya mwanafunzi, na kuyagawa kwa mihula. Mageuzi haya ni ya haki kwa kuwa juhudi ya mwaka mzima haiamuliwi tena na majuma machache, lakini kwa sababu hiyohiyo msimu wa mitihani sasa hufika kwa kila mwanafunzi mara mbili kwa mwaka, na kila unapofika hudai upya taa, kitanda na nauli, ambavyo serikali iliacha kuvilipia. Alama zilizoandikwa katika daftari la matokeo ni za mwanafunzi mmoja, lakini tangu miaka ya 1990 zimegharimiwa na nyumba nzima, na historia ya elimu ya Lubumbashi itakuwa kamili pale nyumba hiyo itakapohesabiwa ndani yake.