Hifadhidata Iliyoanzia Kwenye Meli

Leo kwenye historia tunaangalia kitu ambacho karibu kila mwenye simu anacho mfukoni, ila jina lake wengi hatulijui: SQLite.

Tuanze na meli. Mwaka 2000 Mmarekani mmoja, D. Richard Hipp, alikuwa anafanyia kampuni ya General Dynamics kazi ya programu ya meli za kivita. Meli ikipigwa, programu iwasaidie mabaharia kujua vali zipi wafunge. Data zilikaa kwenye seva. Seva ikizima, programu nayo inakwama, inasema tu imeshindwa kuunganishwa. Sasa fikiria meli imetoboka, maji yanaingia, wewe unaambiwa seva haipo!

Hipp akajiuliza: kwani lazima kuwe na seva? Data si zikae kwenye faili, programu iisome yenyewe? Agosti 2000 akatoa toleo la kwanza. Aliliandika kwa C, lugha aliyoitengeneza Dennis Ritchie kule Bell Labs mwanzoni mwa miaka ya 1970.

SQLite unaiingiza ndani ya programu yako. Kwa C, unafungua faili kwa sqlite3_open, unaandaa swali la SQL kwa sqlite3_prepare_v2, unapata majibu mstari kwa mstari kwa sqlite3_step, unamaliza kwa sqlite3_finalize, unafunga kwa sqlite3_close. Basi.

Je, chaji ikiisha katikati ya kuandika? Kwa kawaida, kabla ya kubadilisha kitu, SQLite inaweka pembeni nakala ya kile kilichokuwepo. Ukiwasha tena, inarudisha ya zamani. Hubaki na kazi nusu nusu.

Tena ni bure kabisa. Msimbo wake ni mali ya umma, hauombi ruhusa kwa mtu. Leo iko ndani ya simu za Android na iPhone.

Kwa nini tunawaandikia haya? Sisi wa darasa la jioni tulikuwa tunaweka majina ya wanafunzi kwenye mtandao. Netiweki ikipotea, mtoto anasimama mlangoni, tunamwambia, "Jina lako halionekani." Wenzetu, maneno hayo tumeshayasikia sana kwenye foleni, tunajua yanavyouma. Na siku ile tuliyasema sisi.

Sasa orodha iko kwenye faili moja ndani ya simu ya darasa. Netiweki iwepo isiwepo, jina linaonekana. Ila tuseme ukweli: simu ikiibiwa, orodha imeenda nayo, ndiyo maana kila Ijumaa tunaweka nakala kwenye flashi. Na SQLite ya kawaida haifungi faili kwa nywila. Majina ya watoto ni amana, simu isiachwe wazi.

Anayetaka kujifunza C aje Jumamosi. Kompyuta ni moja, tutapokezana.