Folda ya pamoja katika mtandao wa nyumbani

Folda ya pamoja ni folda, au diski nzima, iliyo ndani ya kompyuta moja lakini ikaruhusiwa kufunguliwa na kompyuta nyingine zilizo kwenye mtandao uleule. Nyumbani hutumika kuweka picha, nyaraka, muziki na nakala rudufu mahali pamoja bila kuhamisha faili kwa flashi. Haitumii bando la intaneti, kwa kuwa data hupita ndani ya mtandao wa nyumba tu.

Kompyuta yenye folda hiyo huitwa seva, hata kama ni kompyuta ya kawaida ya mezani. Kompyuta inayoomba kuifungua huitwa mteja. Ombi la mteja hupita hatua kadhaa kabla ya kukubaliwa, na hatua moja ikikwama folda haifunguki. Kwa hiyo anayetafuta chanzo cha tatizo hukagua hatua hizo kwa mpangilio, badala ya kubadilisha mipangilio mingi kwa mara moja.

Historia

Itifaki inayotumika zaidi kwa kazi hii ni SMB. Ilibuniwa na Barry Feigenbaum katika kampuni ya IBM mwanzoni mwa miaka ya 1980, kisha ikaendelezwa na Microsoft na kuwa sehemu ya kawaida ya Windows. Mnamo 1992 Andrew Tridgell, mwanafunzi nchini Australia, alitoa programu ya kwanza ya mradi ambao baadaye uliitwa Samba. Samba huwezesha kompyuta za Linux na Unix kuwasiliana kwa SMB. Kampuni ya Apple, iliyokuwa na itifaki yake yenyewe ya AFP, ilifanya SMB2 kuwa chaguo la kwanza katika mfumo wa OS X Mavericks wa mwaka 2013.

Toleo la pili la SMB lilikuja na Windows Vista, na la tatu lilikuja na Windows 8 mwaka 2012, likiongeza usimbaji wa data. Huduma ya HomeGroup, iliyoanzishwa na Windows 7 ili kurahisisha kazi hii nyumbani, iliondolewa katika Windows 10 mwaka 2018.

Hatua za ufikiaji

1. Muunganisho: kompyuta zote mbili ziwe kwenye mtandao mmoja na ziwe na anwani za IP zinazolingana.
2. Jina: mteja ageuze jina la seva kuwa anwani ya IP.
3. Ukuta wa moto: programu inayochuja mawasiliano kwenye seva iruhusu mlango namba 445 wa TCP, unaotumiwa na SMB.
4. Itifaki: pande zote mbili zikubaliane juu ya toleo la SMB.
5. Utambulisho: mteja atoe jina la mtumiaji na nenosiri vinavyotambuliwa na seva.
6. Ruhusa: mtumiaji huyo awe amepewa haki ya kusoma au kuandika katika folda husika.

Kutafuta chanzo cha tatizo

Muunganisho

Kwenye Windows, amri ya ipconfig huonyesha anwani ya kompyuta. Ikiwa seva ina 192.168.1.20 na mteja ana 192.168.1.35, kwa kawaida ziko mtandao mmoja. Anwani inayoanza na 169.254 huonyesha kwamba kompyuta haikupewa anwani na ruta. Mara nyingine kompyuta moja huwa imeunganishwa kwenye Wi-Fi ya wageni. Mtandao huo mara nyingi huzuia vifaa kuonana, ingawa vyote vinapata intaneti bila shida. Vilevile kompyuta iliyolala haiwezi kutoa faili: folda ikifunguka asubuhi na kupotea mchana, mipangilio ya umeme ya seva ndiyo ya kuangaliwa.

Amri ya ping hupima kama seva inajibu. Hata hivyo, kukosa jibu si ushahidi kamili, kwa sababu ukuta wa moto unaweza kuzuia ping huku ukiruhusu SMB.

Jina

Kipimo rahisi ni kuandika anwani ya IP badala ya jina, kwa mfano \\192.168.1.20\Picha kwenye Windows, au smb://192.168.1.20/Picha kwenye Mac na mifumo mingi ya Linux. Folda ikifunguka kwa anwani lakini ikakataa kwa jina, tatizo liko kwenye utafutaji wa majina tu. Seva kutoonekana katika orodha ya kompyuta za mtandao hakumaanishi kwamba haifikiki.

Njia iliyohifadhiwa kwa anwani ya IP nayo ina udhaifu wake: ruta ikiwashwa upya inaweza kuipa seva anwani tofauti. Dawa yake ni kuiagiza ruta iitengee seva anwani moja ya kudumu.

Ukuta wa moto

Windows huutambua kila mtandao kuwa wa umma au wa faragha. Katika mtandao wa umma hufunga ushirikiano wa faili, jambo linalofaa hotelini au kwenye mgahawa. Wi-Fi ya nyumbani ikiwekwa kimakosa katika kundi la umma, folda hazitafikika hadi ihamishiwe kundi la faragha. Hakuna haja ya kuuzima ukuta wote wa moto. Amri ya Test-NetConnection 192.168.1.20 -Port 445 katika PowerShell ya mteja huonyesha kama mlango huo uko wazi.

Utambulisho

Akaunti inayoulizwa ni ile iliyo kwenye seva, si ya kompyuta ya mteja. Makosa ya kawaida ni haya:

- Kuandika PIN ya kufungulia kompyuta. PIN hufanya kazi kwenye kifaa chake tu. Mtandaoni hutakiwa nenosiri.
- Kutumia akaunti isiyo na nenosiri. Kwa kawaida Windows huikataa akaunti ya namna hiyo inapoingia kupitia mtandao.
- Kwenye Linux, kusahau kwamba Samba huhifadhi manenosiri yake pembeni. Mtumiaji huongezwa kwa amri ya smbpasswd.

Ruhusa

Kwenye diski ya Windows yenye mfumo wa NTFS kuna ruhusa za aina mbili: za ushirikiano na za faili zenyewe. Zikitofautiana, iliyo kali zaidi ndiyo inayotumika. Mtu aliyepewa kusoma na kuandika katika ushirikiano, lakini kusoma tu katika faili, ataweza kufungua waraka bila kuweza kuhifadhi mabadiliko.

Maana ya baadhi ya hitilafu za Windows

- 0x80070035 au 53: njia ya mtandao haikupatikana. Kagua muunganisho, jina na ukuta wa moto.
- 1326: jina la mtumiaji au nenosiri si sahihi.
- 1219: kompyuta tayari imeunganishwa na seva hiyo kwa jina jingine la mtumiaji. Muunganisho wa zamani hukatwa kwa amri ya net use, ikifuatwa na jina la folda na /delete.
- 5 au 0x80070005: seva imefikiwa lakini ruhusa imekataliwa.

Hitilafu mbili zinazofanana machoni pa mtumiaji zinaweza kuwa na maana tofauti kabisa. Namba 53 humaanisha kwamba seva haikufikiwa, ilhali namba 5 huthibitisha kwamba mtandao unafanya kazi.

Usalama

Vifaa vya zamani vya kuhifadhia data na baadhi ya printa zenye skana hutumia SMB1 pekee. Tangu mwishoni mwa 2017, Windows 10 haiwekewi toleo hilo kikamilifu inaposakinishwa upya, hivyo kifaa kilichofanya kazi kwa miaka kinaweza kukataliwa na kompyuta mpya. Wengi hushawishika kuirudisha SMB1, lakini hatari yake ilikwishaonekana. Mei 2017 programu haribifu ya WannaCry ilitumia kasoro ya SMB1 kuenea kutoka kompyuta hadi kompyuta, ikifunga faili na kudai fidia. Hospitali za Uingereza zilikuwa miongoni mwa waathirika. Microsoft ilikuwa imetoa sasisho la kuziba kasoro hiyo Machi mwaka huohuo, lakini kompyuta nyingi zilikuwa hazijasasishwa.

Kwa sababu hiyo hushauriwa kusasisha programu ya kifaa au kukibadilisha, kutompa kila mtu haki ya kuandika, na kamwe kutofungua mlango wa 445 wa ruta kuelekea intaneti. Folda ya pamoja pia si nakala rudufu peke yake: virusi vikiingia kompyuta yenye haki ya kuandika, vinaweza kuharibu hata faili zilizo kwenye seva. Nakala nyingine ihifadhiwe kwenye diski isiyounganishwa muda wote.

Tazama pia

- Anwani ya IP
- Itifaki
- Nakala rudufu
- Ruta
- Virusi vya kompyuta