Ala, Majina na Jukwaa: Mfano wa Pemba

Vitongoji ni kijiji kilichoko mashariki ya Chake Chake, na jina lake ni nomino ya kawaida iliyogeuka kuwa jina la mahali. Kitongoji ni makazi madogo, na kiambishi vi- chatuambia kuwa makazi hayo yalikuwa zaidi ya moja. Naanza na sarufi hii ndogo, hadhirina, kwa sababu ngeli iyo hiyo ndiyo iliyompokea mgeni mmoja maarufu katika muziki wa visiwani, yaani dumbak ya Waarabu. Wenyeji waliipachika kiambishi cha udogo wakapata kidumbak, na kwa kuwa ngoma hizo hupigwa mbili mbili, wakapata vidumbak.

Tazama sasa jirani yake katika kikundi hicho hicho. Sanduku nalo ni neno la Kiarabu, lakini limekwisha kupewa irabu ya mwisho kama Kiswahili kinavyotaka, ilhali kidumbak bado inaishia na konsonanti vinywani mwa wengi. Mimi naona hapo tofauti ya umri: sanduku lilitangulia kuingia katika nyumba zetu, likiwa chombo cha kuhifadhia nguo na chai, kabla halijafikiriwa kuwa ala.

Na ni ala ya ajabu kweli. Hufumwa sanduku la mbao nyepesi, lile la kusafirishia chai, likapinduliwa. Uzi mmoja ukatobolewa katikati ya uso wake, ncha ya pili ikafungwa kwenye fimbo inayosimama ukingoni. Mpigaji huivuta fimbo kwa mkono mmoja, uzi ukakazika na sauti ikapanda, akiilegeza, inashuka. Mkono wa pili ndio unaodonoa. Hakuna alama ya kumwonyesha sauti ilipo, ila sikio lake. Taarab ya kasri, iliyostawi baada ya Sultani Barghash (1870–1888) kumpeleka mpigaji Misri kujifunza, ilikuwa na ala za kununuliwa. Kidumbak, muziki wa arusi za watu wa kawaida, ulijitengenezea ala zake kwa vilivyopo, pamoja na mkwasa na cherewa. Wanaoiita kidumbak taarab ya maskini wanasema nusu ya kweli tu, maana sanduku ni kazi ya ubunifu.

Pemba ina ubunifu wa namna nyingine, nao ni msewe. Humu ala haishikwi, huvaliwa. Vifuko vya miaa iliyosukwa, vyenye punje kavu ndani, hufungwa miguuni mwa wanaume, na kila wanapokanyaga vinalia. Ala, vazi na mchezaji havitenganishiki, na ndiyo maana ngoma yenyewe ikachukua jina la kifuko. Katika Kiswahili neno ngoma hubeba chombo, muziki, mchezo na hafla kwa pamoja, na msewe hauna budi kufuata mkondo huo.

Kuna pia pembe. Siwa, lile baragumu la wakubwa, hupulizwa; siwa ya Pate iliyochongwa kwa pembe za ndovu ni sanamu na ala kwa wakati mmoja, na urefu wake unapita kimo cha mtu. Lakini katika vugo la wanawake, pembe hupigwa kwa kijiti. Malighafi ni moja, na matumizi mawili yasiyofanana hata kidogo.

Ubunifu huu haukukomea kijijini. Hukwe Zawose, Mgogo aliyefariki mwaka 2003, alitengeneza ilimba na zeze kubwa kuliko za kawaida ili zitoshe jukwaani, naye aliishi Bagamoyo, kilipoanzishwa Chuo cha Sanaa mwaka 1981, ambacho tangu 2007 ni TaSUBa. Ngome Kongwe ya Unguja imepokea tamasha la Sauti za Busara tangu mwaka 2004. Watengenezaji wa filamu na tamthilia wanazihitaji ala hizi, na wanapofungua kamusi zetu wanakutana na ule ufafanuzi uliozoeleka mno: «aina ya ngoma». Fundi hawezi kutengeneza kitu kwa maneno matatu. Atakachofanya ni kufunga njuga za dukani miguuni mwa wachezaji, na watazamaji watadhani huo ndio msewe.

Basi kidahizo hicho ningekiandika hivi: msewe, wingi misewe: 1. kifuko cha miaa iliyosukwa, chenye punje kavu, kinachofungwa mguuni ili kilie mchezaji anapokanyaga; 2. ngoma ya wanaume ya Pemba ichezwayo kwa vifuko hivyo. Aina ya msuko, aina ya punje na idadi ya vifuko kwa kila mguu nimeziachia nafasi, zijazwe na mwanafunzi atakayekwenda Vitongoji na vijiji jirani kuwauliza wasukaji, maadamu wangalipo.