Dini ya Mtawala na Imani ya Mwumini: Kutoka Augsburg hadi Ufuko wa Ziwa Victoria

Tunapoadhimisha miaka 100 ya usharika wetu, ni wajibu wetu kuwakumbuka wazee waliobeba mawe, waliofyatua matofali na waliofundisha watoto kusoma chini ya miti. Makala hii inawaheshimu kwa njia nyingine. Inauliza swali lililowasumbua baba zetu wa kiroho kule Ujerumani katika karne ya 16, na ambalo liliwasumbua tena watu wa ziwa hili zaidi ya miaka 300 baadaye: imani ya mtu ni mali ya nani? Je, ni mali ya mtawala anayeimiliki nchi, au ni ya mtu mwenyewe mbele za Mungu wake?

Msomaji asidhani kuwa hili ni swali la wasomi tu. Ramani ya madhehebu katika mwambao wetu, yaani kwa nini kijiji hiki ni cha Wakatoliki, kile cha AIC, na kingine cha Walutheri, kwa sehemu kubwa ni jibu ambalo watawala na wamisionari walilitoa zamani kwa niaba ya watu.

KITABU NA UPANGA

Tarehe 31 Oktoba 1517 Martin Luther, mtawa na mwalimu wa Chuo Kikuu cha Wittenberg, alitoa hoja 95 kuhusu uuzaji wa vyeti vya msamaha. Hakukusudia kuanzisha kanisa jipya. Mwaka 1521 aliitwa katika mji wa Worms mbele ya Kaisari Karl wa Tano, akatakiwa kuyakana maandishi yake. Alikataa, akisema kwamba dhamiri yake imefungwa na Neno la Mungu. Tendo hilo tunalihubiri kila Sikukuu ya Matengenezo, na tunafanya vema.

Hata hivyo, tusisahau kilichofuata. Luther hakupona kwa nguvu ya hoja peke yake. Alipona kwa sababu mtawala wa Saksonia, Friedrich, alimficha katika ngome ya Wartburg. Humo ndimo alimotafsiri Agano Jipya kwa Kijerumani, likachapwa Septemba 1522; Biblia nzima ilitoka mwaka 1534. Tangu mwanzo, basi, mambo mawili yalikwenda pamoja: kitabu kilichompa mtu wa kawaida uwezo wa kujisomea, na upanga wa mtawala uliokilinda kitabu hicho.

Ulinzi wa wakubwa haukosi gharama. Wakulima walipoinuka mwaka 1524 na 1525 wakidai haki zao, wengine wakitumia maneno ya Luther mwenyewe kuhusu uhuru wa Mkristo, Luther aliandika kwa ukali mkubwa akiwataka watawala wawapige. Makumi ya maelfu ya wakulima waliuawa. Baada ya hapo usimamizi wa kanisa uliingia mikononi mwa watawala: walituma wakaguzi katika sharika na kushika mali za monasteri. Ni kweli kwamba ukaguzi huo ulizaa tunda jema, kwani Luther alipouona ujinga wa watu na wa wachungaji wao aliandika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, ambayo vijana wetu wa kipaimara wanaisoma mpaka leo. Lakini tuangalie pia Ungamo la Augsburg lililosomwa mbele ya Kaisari tarehe 25 Juni 1530. Waliotia sahihi walikuwa watawala na wawakilishi wa miji, si wachungaji.

Mwaka 1555, katika mji huohuo wa Augsburg, yalifikiwa mapatano ya amani. Kila mtawala alipewa haki ya kuchagua kati ya Ukatoliki na Ulutheri, na raia wake wamfuate. Wanasheria wa baadaye walilifupisha jambo hilo hivi: mwenye nchi ndiye mwenye dini. Raia asiyekubali aliruhusiwa kuuza mali yake na kuhama. Mapatano hayo yalileta utulivu wa miaka mingi, lakini hayakuzuia Vita ya Miaka Thelathini, 1618 hadi 1648, iliyoangamiza sehemu kubwa ya Ujerumani. Mwaka 1731 Askofu Mkuu wa Salzburg aliamuru Walutheri waondoke katika nchi yake. Wapatao 20,000 walihama, wengi wao wakapokewa Prussia. Wala sisi hatukuwa wahanga siku zote. Katika nchi za Kilutheri, Waanabaptisti, waliokataa kubatiza watoto wachanga, walifungwa, walifukuzwa na wengine waliuawa, na viongozi wetu waliunga mkono.

WASOMAJI WA BUGANDA

Sasa tuvuke bahari na karne. Mwaka 1875 Henry Morton Stanley alifika katika ikulu ya Kabaka Mutesa wa Buganda, na barua yake ya kuomba wamisionari ikachapishwa katika gazeti la London mwaka uleule. Wamisionari wa CMS, yaani Waanglikana, waliingia Buganda mwaka 1877. Mapadre wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, wanaojulikana kama White Fathers, walifika mwaka 1879. Njia yao wote ilipita ufuko wetu wa kusini, na humo walijifunza mapema jinsi mambo ya dini yanavyonaswa katika ugomvi wa wenye nguvu. Desemba 1877 wamisionari wawili, Shergold Smith na O'Neill, waliuawa Ukerewe walipomkinga mfanyabiashara Songoro dhidi ya Mtemi Lukonge. Mwaka uliofuata Alexander Mackay alikwenda Ukerewe bila silaha, akazungumza na Lukonge, wakapatana.

Mackay alikuwa fundi. Alikuwa na mtambo mdogo wa kuchapia, na katika baraza la Kabaka alisoma Injili kwa Kiswahili, lugha ambayo wengi ikuluni waliifahamu kwa sababu ya biashara ya pwani. Hapo neno moja lilipata maana mpya: kusoma kukawa ndiko kuwa Mkristo. Wakristo waliitwa wasomaji. Kama kule Wittenberg, kitabu kilimpa kijana wa ikulu kitu ambacho mfalme hakukitoa, na kwa hiyo hakuweza kukidai.

Mutesa alifariki Oktoba 1884, na mwanawe Mwanga akatawala. Januari 1885 vijana watatu Waanglikana waliuawa kwa moto. Tarehe 3 Juni 1886, Namugongo, Wakatoliki na Waanglikana walichomwa pamoja. Mashahidi wanaokumbukwa na makanisa hayo mawili ni 45: Wakatoliki 22 na Waanglikana 23. Hakuna mtawala aliyewaficha ngomeni. Walisimama kama Luther alivyosimama Worms, lakini bila Friedrich.

Ndiyo maana yaliyotokea baadaye yanahuzunisha zaidi. Septemba 1888 Wakristo na Waislamu walishirikiana kumwondoa Mwanga. Baada ya wiki chache Wakristo nao walifukuzwa. Mwaka 1889 walirudi wakiwa na silaha wakamrejesha Mwanga, kisha wakagawana vyeo kwa dini. Tarehe 24 Januari 1892, Mengo, Wakatoliki walioitwa Wafransa na Waprotestanti walioitwa Waingereza walipigana wao kwa wao, na Kapteni Lugard akawasaidia Waprotestanti kwa bunduki zake. Katika mapatano yaliyofuata, jimbo la Buddu lilitengwa kwa ajili ya Wakatoliki, na familia nyingi zikafunga mizigo zikahamia huko. Hayo ni mapatano ya Augsburg yaliyotokea upya kando ya ziwa letu, ingawa waliohusika huenda hawakuyajua. Kutoka moto wa Namugongo hadi bunduki za Mengo ni chini ya miaka sita. Imani iliyokuwa tayari kufa ilijifunza upesi kuua.

UFUKO WA WAKIMBIZI

Wakati wa misukosuko hiyo ufuko wa Mwanza ulikuwa mahali pa kukimbilia. White Fathers walikuwa wameweka kituo Bukumbi tangu mwaka 1883, na Mackay alihamia Usambiro mwaka 1887. Wamisionari walipofukuzwa Buganda Oktoba 1888, Wakatoliki na Waprotestanti walisafiri katika mashua moja. Kiboko aliipiga mashua hiyo, baadhi ya abiria wakafa maji, na waliookoka walifika kusini wakiwa hawana kitu. Kisha akaja mkimbizi ambaye hakuna aliyemtarajia. Mwanga mwenyewe, baada ya kukaa Magu kwa mashaka, aliomba hifadhi Bukumbi kwa mapadre. Mfalme aliyewachoma wasomaji alibisha hodi kwa walimu wa wasomaji, nao wakampokea.

Mackay alifia Usambiro tarehe 8 Februari 1890, akiendelea na kazi ya kutafsiri. Mwaka huohuo, tarehe 1 Julai, Uingereza na Ujerumani zilipatana kuhusu mpaka uliolikata ziwa, bila kumwuliza mvuvi hata mmoja. Baada ya vita ya Mengo, Askofu Hirth alihamia upande wa Wajerumani na kuanzisha misheni ya Kashozi, karibu na Bukoba. Mwaka 1909 CMS iliikabidhi misheni yake ya Nasa kwa Africa Inland Mission. Hivyo mwambao ukagawanywa kwa mapatano ya wamisionari, bila vita, lakini bado kwa desturi ileile: mwenye eneo ndiye mwenye dini.

Je, Ulutheri uliingiaje? Misheni ya Betheli, ikiongozwa na Ernst Johanssen, ilianza kazi Bukoba mwaka 1910. Lakini ilipofika iliwakuta wasomaji. Wahaya kadhaa walikuwa wamekwisha kuupokea Uprotestanti kutoka Buganda, wakisoma vitabu vya Kiganda, mara nyingi kwa siri. Wamisionari Wajerumani waliondolewa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, wakarudi, wakaondolewa tena katika Vita ya Pili. Nyakati hizo zote kanisa lilishikwa na walimu na wazee wenyeji. Kisha waumini walivuka maji kutafuta kazi na biashara, wakaja na Ulutheri wao katika miji ya upande huu. Huo haukuwa ukarimu wa mtawala. Ulikuwa mzigo aliobeba mtu mwenyewe pamoja na mkeka wake.

TUNACHORITHI

Tarehe 19 Juni 1963 makanisa saba yaliungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. Mwaka 1964 Josiah Kibira akawa askofu huko Bukoba, na mwaka 1977 alichaguliwa Rais wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani katika mkutano uliofanyika Dar es Salaam. Mkutano huo ulitamka kwamba kuukataa ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini ni suala la imani yenyewe. Kanisa ambalo watawala waliliwekea sahihi mwaka 1530 sasa liliweza kuwaambia watawala: hapana.

Makovu mengine yameanza kupona. Tarehe 31 Oktoba 1999, katika mji wa Augsburg, Walutheri na Wakatoliki walitia sahihi Tamko la Pamoja kuhusu kuhesabiwa haki. Mwaka 2010, huko Stuttgart, Fungamano letu liliomba msamaha kwa Wamenonaiti, wazao wa Waanabaptisti, kwa mateso waliyotendewa na Walutheri. Kuomba msamaha baada ya karne tano si aibu. Aibu ingekuwa kusherehekea historia iliyofutwa madoa.

Katiba ya nchi yetu, Ibara ya 19, inamhakikishia kila mtu uhuru wa kuabudu. Hakuna tena mwenye nchi anayetuchagulia dini. Lakini tabia ya zamani haifi kwa sheria tu. Inaishi pale mzazi anapomtenga binti yake kwa kuolewa katika dhehebu lingine, pale tunapofurahia kiongozi wa serikali kwa kuwa tu ni “mwenzetu”, na pale harambee inapotufanya tunyamaze mbele ya mtoaji mwenye nguvu.

Wageni wetu wa Dayosisi na washarika wenzangu, tunaingia karne ya pili ya usharika huu. Tumerithi kitabu, na tumerithi pia kishawishi cha kukilinda kwa upanga wa mwingine. Wazee wetu walivuka ziwa wakiwa na kitabu peke yake, na kikatosha.