Nyongeza Iliyomeza Bidhaa

Mtoto wa Dar es Salaam aliyetumwa dukani kwa Mangi, akajibakizia chenji ya kununua bazoka, alikuwa akitaja chapa ya kampuni ya mbali bila kujua. Bazooka ni ubani wa kupuliza ulioingizwa sokoni na kampuni ya Topps ya Brooklyn, New York, muda mfupi baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Kwetu jina hilo liligeuka neno la kawaida, likapachikwa kwa kila kinachotafunwa kikapulizwa puto. Kwa Wamarekani, Topps inakumbukwa kwa kitu kingine, kikaratasi kigumu chenye picha ya mchezaji wa besiboli kilichofungwa pamoja na ubani. Ubani ulikuwa ukiisha utamu kabla mtoto hajafika nyumbani. Kikaratasi kilibaki.

Muuza nyanya yeyote anaijua siri hii. Fungu ni lilelile la jirani yake, bei ni ileile, lakini ile nyanya moja anayoidondosha mfukoni baada ya kupokea hela ndiyo inayomrudisha mteja kesho. Kadi ya besiboli ilizaliwa nyongeza, na kwa miaka karibu mia moja ikaendelea kuwa nyongeza, kwanza ya sigara, halafu ya peremende, kisha ya ubani. Tabu zake zilianza siku ilipotolewa kwenye kivuli cha bidhaa na kuuzwa kama mali.

Mwishoni mwa miaka ya 1860, duka la vifaa vya michezo la Peck & Snyder, New York, lilitoa picha za timu zenye tangazo la duka mgongoni. Mojawapo ni ya Cincinnati Red Stockings ya mwaka 1869, timu ya kwanza kuwalipa wachezaji wake wote mshahara waziwazi. Lakini hayo yalikuwa makaratasi machache ya mji mmoja. Aliyeisambaza kadi nchi nzima ni tumbaku. Mwaka 1881 James Bonsack alipata hataza ya mashine ya kusokota sigara iliyoweza kutoa kama 120,000 kwa siku, wakati msokotaji hodari wa mkono hakuvuka elfu chache. Ghafla sigara zikawa nyingi kuliko wavutaji, na kila kiwanda kikawa kinatafuta namna ya kumnasa mteja. Pakiti zenyewe zilikuwa za karatasi laini, zikibonyea mfukoni na kuvunja sigara. Kipande cha kadi kiliingizwa kuzikinga, na kwa kuwa kipo kipo tu, kikachapwa picha.

Allen & Ginter wa Richmond, Virginia, walitoa mwaka 1887 kadi 50 za mabingwa wa dunia. Kumi tu kati ya hao walikuwa wa besiboli. Waliobaki walikuwa mabondia, wapiga makasia, wapiga shabaha, hata wacheza biliadi. Goodwin & Company wa New York, wenye sigara za Old Judge, walizama zaidi katika besiboli na kupiga maelfu ya picha studio. Kamera za siku hizo hazikuweza kukamata kitu kinachokwenda kasi, kwa hiyo mchezaji aliambiwa asimame kama sanamu, mikono imenyooshwa kuudaka mpira ulioning'inizwa kwa uzi. Ukitazama kadi hizo vizuri, uzi unaonekana. Nazipenda kuliko zote kwa sababu ya uzi huo.

Mwaka 1890 James Buchanan Duke aliviunganisha viwanda vikubwa vya sigara kuwa kampuni moja, American Tobacco Company. Asiye na mshindani hana haja ya nyongeza, na kadi zikapotea kwa miaka mingi. Zilirudi mwaka 1909, na kati ya hapo na 1911 kampuni hiyo ikatoa mfululizo wa kadi zaidi ya 500 za rangi, ambao wakusanyaji wanauita T206. Wavulana walisimama nje ya maduka ya tumbaku wakiwaomba watu wazima picha zilizomo pakitini.

Katika mfululizo huo alikuwamo Honus Wagner wa Pittsburgh Pirates, mlinzi wa nafasi iliyo kati ya kituo cha pili na cha tatu, mmoja wa wachezaji bora kabisa wa kizazi chake. Kadi yake ilikwisha anza kuchapwa pale alipokataa, ikasimamishwa. Zinazojulikana kubaki leo hukadiriwa kuwa kama 60. Sababu ya kukataa inagombaniwa hadi leo. Masimulizi yanayopendwa yanasema hakutaka watoto wanunue tumbaku kwa ajili ya sura yake. Wasiokubali wanakumbusha kwamba Wagner mwenyewe alikuwa akitafuna tumbaku na kwamba sura yake iliwahi kuuzia sigara kubwa, hivyo huenda alitaka tu alipwe. Mimi sioni kwa nini zote mbili zisiwe kweli. Mtu anaweza kutafuna tumbaku na asipende kuiona mdomoni mwa mtoto, na anaweza kuwa na huruma huku anajua bei ya sura yake.

Kuna sura ambazo hazikuombwa kabisa. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1880 hadi Jackie Robinson alipovaa jezi ya Brooklyn Dodgers mwaka 1947, ligi kuu za Marekani hazikuwa na nafasi kwa mchezaji mweusi, na kadi zilifuata ubaguzi uleule. Oscar Charleston, ambaye wengi waliomwona walimweka juu ya wachezaji wote, hakuwekwa ndani ya pakiti ya Marekani alipokuwa katika kilele chake. Ukitaka kumwona kwenye kadi ya enzi yake itabidi utazame Cuba, alikokwenda kucheza majira ya baridi. Sigara za Billiken za huko zilimtoa msimu wa 1923–24. Josh Gibson, mpigaji aliyeogopwa kuliko wote katika ligi za weusi, alifariki mwaka 1947. Kadi yake inayotafutwa zaidi ilichapwa Puerto Rico miaka mitatu baadaye.

Ubani ulichukua nafasi ya tumbaku katikati ya ufukara mkubwa wa miaka ya 1930. Goudey wa Boston walitoa mwaka 1933 mfululizo wa kadi 240, Babe Ruth akiwa na kadi nne peke yake. Kwa senti moja mtoto alipata kadi na kipande cha ubani. Tatizo ni kwamba kadi nambari 106 haikuwamo. Watoto walinunua na kununua wakiitafuta ile moja iliyobaki, nayo haikuwa imechapwa. Hadi leo wengi wanaamini ilikuwa hila. Wazazi na watoto walipoandika barua za malalamiko, kampuni ilichapa kadi ya Napoleon Lajoie, mchezaji aliyekwisha staafu tangu 1916, na mwaka 1934 ikawatumia walalamikaji kwa posta. Matokeo yake, kadi iliyotolewa kutuliza hasira ikawa adimu kuliko nyingine zote za mfululizo.

Vita vilikata karatasi na ubani, kisha ikaja zamu ya Topps. Sy Berger, kijana wa idara ya mauzo, alipanga mfululizo wa mwaka 1952 pamoja na Woody Gelman kwenye meza ya jikoni kwake Brooklyn. Kadi ziliongezwa ukubwa, zikatiwa rangi, nembo ya timu na nakala ya saini, na mgongoni takwimu za mchezaji na maisha yake kwa ufupi. Zilikuwa 407. Mtoto alizipanga kwa timu, akazifunga kwa rababendi, akaziweka kwenye boksi la viatu. Uwanjani au barazani mmoja alifunua bunda lake kadi baada ya kadi huku mwenzake akihesabu kwa sauti: ninayo, ninayo, sina. Penye „sina“ ndipo biashara ilipoanzia. Nyota mmoja kwa wachezaji watatu wa kawaida, au wanne ikiwa mwenye nyota anajua kwamba mwenzake ni shabiki wa timu hiyo. Waliochoka kubadilishana walicheza kamari ya kurusha kadi ukutani, iliyoangukia karibu zaidi na ukuta ikazoa zote, mchezo ambao mtoto wa kwetu aliyecheza vifuniko vya soda angeujua bila kufundishwa. Kadi za wachezaji wasiopendwa zilibanwa kwenye spoku za baiskeli zipige kelele kama pikipiki. Kona zilikunjika, nyingine zikaandikwa kwa kalamu, na siku mwenyewe alipokwenda chuoni au jeshini, mama alifagia chumba na kulitupa boksi. Hakuna mkusanyaji wa rika hilo asiye na hadithi ya mama yake.

Topps nao walitupa. Sehemu ya mwisho ya mfululizo wa 1952 ilifika madukani msimu ukielekea ukingoni, watoto wamekwisha hamia mchezo mwingine. Makasha yalikaa bohari miaka minane. Berger alisimulia mwenyewe kwamba alijaribu kuziuza kwa bei ya kutupa, hakupata mtu. Mwaka 1960 makasha yakapakiwa kwenye tishali, likavutwa hadi nje ya pwani ya New Jersey, yakamwagwa baharini. Mlemle mlikuwa na nambari 311, Mickey Mantle wa New York Yankees. Agosti 2022 nakala moja ya kadi hiyo, ambayo mwenyewe aliinunua kwa dola 50,000 mwaka 1991, ilinadiwa kwa dola milioni 12.6.

Wenye sura, wakati huo wote, walilipwa dola 125 kwa mwaka. Marvin Miller, aliyeshika uongozi wa chama cha wachezaji mwaka 1966 akitokea chama cha wafanyakazi wa viwanda vya chuma, aliwaambia wachezaji wagome kupigwa picha. Ndiyo maana kadi za 1969 zimejaa picha za zamani na vichwa visivyo na kofia. Topps walikubali kuongeza hadi dola 250 na juu yake asilimia ya mauzo, na chama kikawa na mfuko wa kupigania mambo makubwa zaidi ya kadi.

Kilichofuata nitakipitia haraka, maana ni hadithi ya fedha tu. Mwaka 1979 James Beckett, mhadhiri wa takwimu, alishiriki kuchapa kitabu cha bei, na mwaka 1984 akaanzisha jarida. Mtoto wa miaka kumi sasa akajua bei ya kila alichonacho, na „sina“ ikageuka „hiyo ni dola ngapi?“ Kesi mahakamani ilivunja ukiritimba wa Topps, Fleer na Donruss wakaingia mwaka 1981, Upper Deck mwaka 1989 na karatasi ya kung'aa, alama ya kuzuia bandia, na Ken Griffey Jr. wa miaka 19 kwenye kadi nambari moja. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Topps waliuondoa ubani, kwa kuwa ulikuwa ukitia doa kadi. Familia zilinunua maboksi na kuyahifadhi bila kuyafungua, wakiamini ni karo ya chuo ya watoto wao. Mitambo ya uchapaji nayo haikulala. Kisha wachezaji wakagoma Agosti 1994, fainali za mwaka huo zikafutwa, na watu wakagundua kwamba kitu kilichohifadhiwa na kila mtu hakitakuwa adimu kamwe. Maboksi mengi ya miaka hiyo leo hayarudishi hata bei yaliyonunuliwa.

Sokoni imani ilihamia kwa wapima hali. Kampuni ya PSA, iliyoanza mwaka 1991, huitazama kadi, huipa alama kati ya 1 na 10 na kuifungia kwenye kibweta cha plastiki. Ya kwanza kabisa kupewa cheti ilikuwa T206 ya Honus Wagner, iliyonunuliwa mwaka huohuo kwa dola 451,000 na mchezaji wa hoki Wayne Gretzky pamoja na mshirika wake. Ilipewa 8, alama isiyofikiriwa kwa kikaratasi cha umri huo, na mwaka 2007 ikauzwa kwa dola milioni 2.8. Mwaka 2013 dalali Bill Mastro, aliyewahi kuimiliki, alikiri mahakamani kwamba alikuwa amezikata kingo zake ili zionekane mpya. Mwaka 2015 alihukumiwa kifungo cha miezi 20 kwa ulaghai wa minada.  Ulaghai umekuwa sehemu ya wasifu wa kadi yenyewe.

Nimemwacha nyuma mtu mmoja kwa makusudi. Herufi T katika T206 ni ya tumbaku, na aliyeipanga ni Jefferson Burdick wa Syracuse, New York, mfanyakazi wa kiwanda cha vifaa vya umeme, asiye na mke wala mtoto, mwenye baridi yabisi iliyokuwa ikimkunja vidole mwaka baada ya mwaka. Alikusanya kadi za kila aina, za ndege, bendera, waigizaji, matangazo ya sabuni, na mwaka 1939 akatoa orodha iliyozipa zote namba. Besiboli hata haikumvutia sana. Kadi ya Wagner aliiwekea dola 50, ikaonekana ghali mno. Kuanzia 1947 alianza kuipa Metropolitan Museum of Art ya New York mkusanyo wake, vipande zaidi ya 300,000, na jumba likampa meza katika idara ya picha za chapa ili avipange mwenyewe. Alibandika kadi kwenye kurasa za albamu, jambo ambalo mpima hali yeyote wa leo angelipunguzia alama. Wagner wake yumo, na hauzwi. Tarehe 10 Januari 1963 Burdick alibandika kipande cha mwisho, akavaa koti kwa shida, akawaaga waliokuwamo kwamba hatarudi. Kesho yake aliingia hospitali, na Machi akafariki.