Igizo na Tarehe Yake: Maonyesho ya Vijana kutoka Kaloleni hadi Sakina

Ukumbi ambamo Halmashauri Kuu ya TANU ilipitisha Azimio la Arusha mwishoni mwa Januari 1967 uko Kaloleni, mjini Arusha, karibu na mnara wa Mwenge, na leo ni makumbusho. Wanafunzi wanaopelekwa pale huelezwa habari za ujamaa na kujitegemea. Ningependa waelezwe pia kwamba maneno yaliyotoka katika ukumbi ule yaliingia jukwaani mapema sana, yakavaa sare ya shule, na hadi leo hayajashuka.

Mwaka 1968 Mwalimu Nyerere aliwakutanisha washairi akawaomba wautumie ushairi kulieleza Azimio kwa wananchi. Mathias Mnyampala, Mgogo aliyekuwa gwiji wa tungo, alijibu kwa kuchukua mashairi ya kujibizana na kuyagawa kwa watu, wapande pamoja jukwaani na kutupiana beti. Ndiyo ngonjera. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1969, na vitabu vyake vya Ngonjera za UKUTA vikatoka baadaye. Kufikia hapo walimu walikuwa wameshaidaka. Ngonjera haikuhitaji pazia, taa wala mavazi ya kununua. Ilihitaji watoto wanane, ubao wa kunakilia beti, na mwalimu mwenye sikio la mizani.

Jambo hilo halikuanzia hewani. Katika hotuba yake ya kuwa Rais, Desemba 1962, Mwalimu alitangaza wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, vitu viwili chini ya paa moja. Shule za kikoloni zilikuwa zimewazoesha vijana maigizo ya Kiingereza, Shakespeare akiwa mbele. Mwalimu hakumfukuza Shakespeare, ila alimvika Kiswahili: Juliasi Kaizari mwaka 1963, Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Mwaka huohuo wa 1969 Ebrahim Hussein alichapisha Kinjeketile, juu ya vita vya Maji Maji. Anayetafuta chanzo cha tamthilia yetu huanzia kwa Hussein. Mimi namheshimu, lakini kwa hesabu ya midomo iliyosema na masikio yaliyosikia, Mnyampala alifika mbali zaidi.

Serikali ilikuwa na vikundi vyake pia. Kikundi cha ngoma cha taifa kilianza miaka ya mwanzo ya uhuru, sarakasi zikafuata baada ya vijana kupelekwa China kujifunza, na maigizo yakaongezwa mwaka 1974. Wasanii walikuwa waajiriwa, wakiitwa pale ambapo kiongozi au mgeni wa taifa alihitaji kutumbuizwa. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 vikundi hivyo vilikuwa vimevunjwa, na Chuo cha Sanaa Bagamoyo kikafunguliwa mwaka 1981. Mwaka uliofuata chuo kikaanza tamasha lake la kila mwaka. Mwaka 2002 ukumbi wa chuo, uliokuwa na paa la makuti, uliteketea kwa moto. Tamasha halikufa. Kikundi cha taifa kilikuwa na mishahara lakini hakikuwa na siku yake katika mwaka. Bagamoyo ilipoteza jengo lakini siku yake ikabaki. Kwangu mimi hiyo ndiyo tofauti, kuliko fedha.

Majirani zetu waliligundua hilo mapema. Ukishika barabara ya Namanga kutoka Sakina, hapa Arusha, na kuvuka mpaka, unaingia katika nchi ambayo mashindano yake ya maigizo ya shule yalianza mwaka 1959, kwa Kiingereza na kwa ladha ya Kiingereza. Usimamizi ulipofika mikononi mwa Mkenya, Wasambo Were, katika miaka ya 1970, tungo za wenyewe zilipata nafasi, na baadaye ngoma na ushairi wa kuigizwa vikapanda jukwaa lilelile. Kila mwaka shule hupanda ngazi kwa ngazi hadi taifa. Na kwa kuwa tarehe inajulikana, serikali nayo hujua ni lini itasemwa. Mchezo wa shule ya wasichana ya Butere, Shackles of Doom, ulipigwa marufuku mwaka 2013, mahakama ikauruhusu. Mwaka 2025 yakawa yaleyale kwa Echoes of War, na mara hii polisi wakatumia mabomu ya machozi Nakuru. Binti wa sekondari kuonekana hatari kiasi hicho ni sifa kubwa kwa igizo, ingawa ni aibu kwa wakubwa.

Kwetu sauti ya mabinti ilipitia njia nyingine. Penina Muhando Mlama na Amandina Lihamba, wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walikwenda na wenzao Malya, mkoani Mwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakakaa na vijana, wakawaacha watunge wenyewe juu ya matatizo yao kwa ngoma na nyimbo wanazozijua. Kutokana na uzoefu huo, mwaka 1996 ulizaliwa mradi wa Tuseme katika shule za sekondari. Wasichana huanza kwa kutaja kinachowakwaza: mwalimu anayewasumbua, mimba, kazi za nyumbani zinazokula muda wa kusoma. Wanakijadili, wanakitungia igizo na nyimbo, wanalionyesha mbele ya shule na wazazi, kisha wanadai hatua ichukuliwe. Kupitia shirika la FAWE mtindo huo ulienea katika nchi nyingine za Afrika. Upande wa burudani ya watu wazima, wasanii wa kikundi cha Muungano na baadaye wa TOT, iliyoanzishwa na CCM mwaka 1992, walichanganya ngoma, kichekesho, sarakasi na taarabu katika onyesho moja, na watoto waliochungulia uani waliiga mpangilio huohuo.

Ndio mpangilio unaoukuta Sakina kila Septemba na Oktoba, msimu wa mahafali. Turubai zimefungwa uwanjani, viti vya plastiki vya kukodi vimepangwa, spika zinaunguruma, mgeni rasmi amechelewa. Kwaya inaingia kwa mwendo wa madaha. Ngonjera inafuata, upande mmoja ukitetea elimu na mwingine ukitetea mahari. Kisha igizo: mvulana amejifunga kitenge na kuweka mto tumboni, akiwa mama mzazi, na kabla hajafungua mdomo uwanja mzima umeshacheka. Wazazi wanatoka na noti kumtunza, wengine wakizibandika kwenye paji la uso lenye jasho. Risala inasomwa kwa sauti ya mahakama. Ngoma inafunga. Vipande hivyo huandikwa kwenye ratiba kimoja kimoja, ndiyo maana hatuvihesabu kuwa kazi moja. Ukivitazama kwa pamoja ni onyesho la muziki lenye tarehe, waigizaji wapya kila mwaka na watazamaji ambao hawakosi.

Jirani, upande wa Ilboru, Walutheri walifika mwaka 1904, na makanisa ya ukanda huu yana kalenda yao: igizo la Krismasi la watoto wa shule ya Jumapili, na la Pasaka. Vijana wengi wa Sakina wamekuwa Yusufu au Herode kabla hawajawa kitu kingine chochote.

Udhaifu wa haya yote ni kwamba hayatunzwi. Mwalimu hutunga igizo, wanafunzi hulikariri wiki tatu, huonyeshwa mara moja, na daftari huondoka naye akihamishwa kituo. Mahakama na magazeti yamewawekea Wakenya kumbukumbu. Sisi tunabaki na video za simu zinazofutwa nafasi ikijaa. Walimu wa Sakina, Kiranyi na Ilboru, mahafali yakiisha mwaka huu, pigeni chapa nakala mbili za igizo na ngonjera, mwandike mwaka na majina ya watunzi. Moja ibaki katika maktaba ya shule, nyingine ipelekeni Kaloleni, mwaombe makumbusho yaipokee.