Farumi Iliyogeuka Kitoweo: Tarehe ya Chumvi ya Uswidi

Uswidi ina chuma, shaba, misitu na pwani ndefu ajabu, ila chumvi haina. Ardhini hamna mwamba wake wa kuchimba, na bahari yake ya Baltiki imezimuliwa na mito: karibu na Stockholm lita moja ya maji ina gramu 6 hivi za chumvi, ambapo bahari kuu ina 35. Anayetaka kilo moja achemshe zaidi ya lita 150, tena kwa kuni, maana jua la huko si la kutegemewa. Basi tangu kale chumvi ya Mswidi imekuja kwa meli, na bei yake ikapangwa na mwenye meli.

Kwa karne kadhaa mwenye meli alikuwa mji wa Lübeck. Chumvi yenyewe ilitoka Lüneburg, ambako maji ya chumvi ya kisimani yalichemshwa katika masufuria ya risasi, kisha ikasafirishwa kwa mikokoteni, na tangu 1398 kwa mashua kupitia mfereji wa Stecknitz. Sehemu kubwa iliishia katika mapipa ya heringi kwenye rasi ya Skanör na Falsterbo, ambako soko la samaki lilijaa kila mwisho wa kiangazi. Siku hizo rasi hiyo ilikuwa ya Denmark. Waswidi waliipata 1658. Gustav Vasa alipopigania ufalme wa Uswidi alisaidiwa meli na askari wa Lübeck, na mwaka 1523 akawalipa kwa kuwaachia biashara ya nchi bila ushuru. Deni na masharti yakamchosha. Mwaka 1534 alikuwa vitani na wafadhili wake.

Baadaye macho yaligeukia kusini: Setúbal ya Ureno, Sardinia, Ibiza, kote ambako jua hukausha maji bila gharama. Hapo hesabu ya manahodha ilikuwa nzuri. Kwenda walipakia chuma, lami na mbao. Kurudi walihitaji farumi, yaani uzito wa kuituliza meli, na farumi bora ni ile inayouzika. Tatizo ni kwamba wachukuzi wengi walikuwa Waholanzi. Mwaka 1724 serikali ikatoa amri kwamba meli ya kigeni isilete Uswidi ila bidhaa za nchi yake yenyewe, na Uholanzi haina Setúbal. Wenye meli wa Stockholm walishangilia. Mkulima akaona chumvi inaadimika na kupanda bei. Kasisi Anders Chydenius, kutoka Ufini iliyokuwa chini ya Uswidi, aliishambulia amri hiyo kwa kijitabu mwaka 1765, na kwa maoni yangu hakukosea.

Kwa amri hiyo meli za Uswidi ilibidi zipite zenyewe mbele ya maharamia wa Afrika Kaskazini. Mwaka 1729 ukafungwa mkataba na Algiers, na zawadi zilizoambatana nao zilikuwa mizinga, baruti na milingoti. Naam, mfalme wa Kikristo alimpa dei, mtawala wa Kiislamu wa Algiers, silaha, na miongoni mwa faida zake ni chumvi ya siagi ya wakulima wa kaskazini.

Kwa nini ing'ang'aniwe hivyo? Majira ya baridi ni marefu, majani ya mifugo yaliisha, na wanyama walichinjwa vuli. Nyama, samaki na siagi vyote viliingia chumvini. Mwanahistoria Eli Heckscher aliona kwamba katika karne ya 16 chakula kilikuwa na chumvi nyingi kiasi cha watu kuteremsha bia kwa wingi wa kushangaza.

Heringi wa pipa huliwa mpaka leo, ila haliwi moja kwa moja. Hulowekwa usiku kucha, maji yakibadilishwa, hadi ukali umtoke. Kisha huandaliwa mchuzi ambao kila nyumba inaujua kwa vipimo vitatu: siki kali moja, sukari mbili, maji tatu. Huchemshwa, hupoozwa, halafu samaki hupangwa kwenye chupa pamoja na vitunguu na karoti. Siku ya katikati ya kiangazi huja mezani na viazi vipya vyenye dili na malai chachu.

Kaskazini, kwenye pwani ya Norrland, chumvi ilikuwa ghali zaidi, na inasemekana ndiyo sababu ya *surströmming*. Heringi wadogo huvuliwa masika, hukaa kidogo katika maji makali ya chumvi ili damu itoke, kisha huhamishiwa kwenye maji hafifu. Chumvi hiyo hutosha kuzuia kuoza, haitoshi kuzuia kuchachuka. Wakishatiwa makoponi huendelea kutoa gesi hadi kopo livimbe. Hufunguliwa nje ya nyumba. Aliyezoea harufu ya papa mkavu sokoni asidhani amejiandaa. Huliwa kwa mkate mwembamba, viazi na vitunguu. Sheria iliyokataza kuwauza kabla ya Alhamisi ya tatu ya Agosti imeshafutwa, lakini wapenzi wake bado huingoja siku hiyo.